Mmepewa au mmedai?

Mama mdogo alisimama chini ya kibao, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Maji-Maji-Allee. Simu nilikuwa nayo mkononi tayari. Nilimvusha jiji zima kwa ajili ya picha moja: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi kutoka Songea, aliyewapeleka watoto wa watu Makumbusho ya Maji Maji mwaka baada ya mwaka, amesimama Berlin chini ya jina lile lile.

Hakutabasamu.

"Mwanangu, hili mmepewa au mmedai?"

Nikamwambia tumedai.

"Nani amedai? Wewe ulikuwepo?"

Nikaanza kuzungumzia baridi.

Mama mdogo alisharudi nyumbani, picha nimeshaituma kwenye kundi la familia, watu wameshaweka vidole gumba. Swali bado liko kwangu. Kila nikipita kwenye kibao chochote cha jiji hili nalisikia, hasa ile sehemu ya pili.

Peters kwa Peters

Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani sina haja ya kuwaeleza. Wala Carl Peters, aliyewanyakulia ardhi yetu. Mkono wa Damu tulikutana naye darasani, na wengine wetu tulikutana naye mapema zaidi, kwenye masimulizi ya nyumbani. Kinachoniumiza kichwa ni kilichofanyika Berlin mwaka 1986.

Maji-Maji-Allee, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Petersallee, iko Wedding, kwenye mitaa ambayo Wajerumani wanaijumlisha kwa jina la Afrikanisches Viertel, yaani kitongoji cha Kiafrika. Ukishuka kwenye treni ya chini ya ardhi kituo cha Afrikanische Straße, ukatembea kidogo, utakutana na Sansibarstraße, Usambarastraße, Tangastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Mtu wa kwetu akifika mara ya kwanza hudhani ametambuliwa, hupiga picha, hutuma nyumbani. Kisha anaambiwa kwamba mitaa ya kwanza hapo, ya Kamerun na Togo, ilipewa majina mwaka 1899, Ujerumani ilipokuwa ikiorodhesha ilichonyakua. Picha inabaki kwenye simu lakini furaha inapungua.

Petersallee ilikuja baadaye, mwaka 1939, Wanazi wakiwa madarakani. Vita vikaisha, koloni zilikuwa zimeshaondoka zamani, Tanganyika ikapata uhuru, na Peters akabaki mtaani. Miaka ya 1980 watu wakaanza kuuliza. Basi mwaka 1986 wakubwa wakapata ufumbuzi: wakaacha jina, wakabadilisha mtu. Wakatangaza kwamba tangu sasa Peters anayekumbukwa ni Hans Peters, mwanasheria aliyekuwa na kundi la wapinzani wa Hitler na aliyeshiriki kuandika katiba ya Berlin baada ya vita. Mtu wa heshima kabisa. Herufi zikabaki zile zile.

Hakuna aliyelazimika kuchapisha bahasha mpya.

Huwa najaribu kuwaona walioketi kwenye kikao hicho. Sidhani walikuwa watu wabaya. Walitaka aibu iondoke bila mtu yeyote kusumbuka, hata kwa kwenda kubadilisha anwani kwenye kitambulisho. Na huyo Hans Peters wa watu, aliyehatarisha maisha yake, akageuzwa kuwa pazia la mwenye jina kama lake. Ningekuwa mjukuu wake ningekasirika.

Kibao kilibadilika kweli tarehe 23 Agosti 2024. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo, ni siku ambayo UNESCO huadhimisha kumbukumbu ya biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake. Barabara ikagawanywa vipande viwili. Kimoja kikawa Anna-Mungunda-Allee, kwa ajili ya mama wa Kiherero aliyeuawa Windhoek, Namibia, tarehe 10 Desemba 1959, watu walipokataa kuhamishwa kwa nguvu. Kingine kikawa Maji-Maji-Allee. Vinakutana kwenye uwanja ambao tangu Desemba 2022 unaitwa Manga-Bell-Platz, jina la Rudolf Duala Manga Bell, mfalme wa Waduala wa Kameruni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1914, na mkewe Emily.

Kati ya 1986 na 2024 kuna watu. Hao ndio mama mdogo alikuwa akiwauliza.

Adabu ya mgeni

Nilipokuwa naondoka nyumbani, baba alinipa wosia mmoja: usiende kupanga vyombo kwenye nyumba ya watu. Ukikaribishwa, kula, sifia, shukuru. Ukiona kochi limekaa vibaya, lione, nyamaza.

Nimeishi hivyo hapa kwa miaka mingi, na sioni aibu kusema. Watu wa Berlin Postkolonial, kikundi kinachopinga majina ya kikoloni, walikuwa wakiandika barua, watu wa ISD, umoja wa watu Weusi wa Ujerumani ulioanza katikati ya miaka ya 1980, walikuwa wakisimama na mabango, na mimi niliamini kwamba jina la mtaa ni shauri la wenye mtaa. Mkataba wangu na jiji hili ulikuwa mfupi: nalipa kodi, natenganisha taka kama wanavyotaka, wananiacha nipumue. Na hata leo nadhani wosia ule una hekima yake. Umewalinda wengi.

Mzee Mnyaka Sururu Mboro hakuishi kwa wosia huo. Ni mtu wa Kilimanjaro, alikuja Ujerumani kusoma miaka ya 1970, na bibi yake alikuwa amempa wosia wa namna nyingine kabisa: ukifika huko, kitafute kichwa cha Mangi Meli, mtawala wa Wachaga. Meli alinyongwa Old Moshi mwaka 1900, na Wachaga wamesimulia vizazi kwa vizazi kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ulaya. Mzee Mboro amekuwa akikiulizia tangu wakati huo, kwenye makumbusho, kwenye ofisi, na njiani akawa mmoja wa waanzilishi wa Berlin Postkolonial na mmoja wa watu waliowatembeza wenzao kwenye mitaa ile ya Wedding, jina kwa jina, miaka na miaka, mvua na theluji.

Bibi mmoja, wosia mmoja. Baba yangu, wosia mwingine. Nimekuwa nikizipima hizo sauti mbili.

Kilichoniyumbisha hakikuwa hotuba ya mwanaharakati. Kilikuwa malalamiko ya mwanamke mmoja Mjerumani, mtu mzima sana, tuliyekaa naye benchi moja tukisubiri basi wakati vibao vikiwa bado vipya. Alinilalamikia kwa adabu. Hana neno na Waafrika, alisema, lakini hapa ndipo alipojifunza kuendesha baiskeli, hapa ndipo alipoolewa, na sasa watu wanakuja kumbadilishia anwani uzeeni bila kumuuliza.

Nilimwelewa. Nilimwonea hata huruma, kwa sababu najua ugumu wa kubadilisha karatasi kwenye ofisi za nchi hii.

Nilipofika nyumbani ndipo nikaona kilichokuwa kimepita mbele yangu. Huyu mama alikuwa na haki ya kukasirishwa na kibao. Hakuna aliyemuuliza ameipata wapi haki hiyo. Mtaa ni wake, basi kibao kinamhusu, na kisipompendeza atasema, ataandika, atakwenda mahakamani kama majirani zake walivyokwenda. Mimi nilikisoma kibao kile kile miaka yote ili nijue tu nipinde kulia au kushoto.

Mwenyeji ni mtu anayeweza kukerwa.

Nimeshindwa kuipata namna nyingine ya kulisema hili. Waliopigania mtaa ule hawakusubiri kwanza wakubaliwe kuwa wenyeji ndipo walalamike. Walilalamika, wakaendelea kulalamika, wakajibizana na majirani kwenye vikao, wakatukanwa, wakarudi kikao kilichofuata. Halmashauri ya wilaya ya Mitte, ambamo Wedding imo, ilipopiga kura mwaka 2018 kukubali majina mapya, ilikuwa inajibu watu ambao tayari walikuwa wameacha kujiona wageni. Kisha zikaja pingamizi na kesi, na miaka mingine ikapita.

Wazee wetu wa Berlin

Nikaanza kutafuta waliotangulia, na hapo nikaona kwamba wosia wa baba haukuwa desturi ya watu wetu wa kwanza hapa.

Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo mnamfahamu, ndiye aliyetuandikia desturi za Waswahili. Alifundisha Kiswahili Berlin. Mwaka 1904 alifunga ndoa na Mjerumani, wakapanda meli kurudi pwani, serikali ya kikoloni ikakataa kumruhusu ashuke na mkewe. Wakarudishwa Ulaya. Darasani baadhi ya wanafunzi walimdharau kwa rangi yake, naye hakukubali kumeza, akalalamika. Alipoteza kazi. Alifariki Berlin mwaka 1927.

Mdachi bin Sharifu, naye mwalimu wa Kiswahili, alipanda majukwaani mwaka 1919 akawaeleza Wajerumani ukatili wa utawala wao Afrika Mashariki. Mwaka huo huo Martin Dibobe, Mkameruni aliyekuwa dereva wa treni za Berlin, aliandika na wenzake 17 madai 32 kwa Bunge la Ujerumani lililoketi Weimar: haki sawa, ujira sawa, mwakilishi bungeni. Nayasoma madai yale nikiwa kwenye treni, nimekaa, naendeshwa na dereva ambaye wala sijui sura yake, na sijui kwa nini kila mara yananipandisha mori.

Halafu kuna Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye karatasi za Kijerumani zinamwita Bayume Mohamed Husen. Huyu ndiye aliyenikalisha macho.

Ukienda Brunnenstraße 193, tazama chini. Kuna kijiwe cha shaba kwenye lami, kama vile vinavyowekwa kwa waliouawa na Wanazi. Kiliwekwa mwaka 2007, na kilikuwa cha kwanza nchini humu kwa mtu Mweusi. Mahjub alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alifika Berlin mwaka 1929, na sababu ya safari yake ni moja: alikuja kudai mshahara. Yeye na baba yake walilitumikia jeshi la Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, yeye akiwa mtoto bado, na fedha zao hazikulipwa. Wizara ikamkatalia. Akabaki, akahudumu mezani kwenye mkahawa mkubwa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu za propaganda za kikoloni kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwapo. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mweupe. Alifia kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Sasa mimi ni mtu wa Songea. Kwetu neno "askari wa Mjerumani" halisemwi kwa upole. Walionyonga mashujaa tarehe 27 Februari 1906 hawakuwa Wajerumani peke yao. Bunduki nyingi zilishikwa na mikono kama yangu. Baba yake Mahjub alikuwa askari. Nilisimama juu ya kijiwe kile nikiwa sijui nimpe salamu gani.

Sijamaliza hilo hadi leo. Nikimkataa Mahjub, namkataa mtu aliyeuawa kwa rangi yake katika jiji ninaloishi, mtu aliyefundisha lugha ninayoandikia. Nikimkumbatia bila neno, nawasaliti waliolala kwenye kaburi la pamoja pale Songea. Kutoka Brunnenstraße hadi Maji-Maji-Allee ni mwendo wa treni tu, na jiji limewakumbuka wote wawili, aliyetoka upande wa bunduki na waliopigwa nazo. Nadhani ni sawa iwe hivyo. Wajerumani wana wafu wao wanaogombana. Na sisi tukae na wetu, mradi tugombane wenyewe.

Kibao hakikupangishii chumba

Kuna rafiki yangu wa Bukavu, tunaitana kaka. Nilimpeleka Wedding nikiwa bado na shauku ya mama mdogo kuja. Alikitazama kibao, akaangua kicheko kisicho na furaha.

"Kaka, miye nikiona ile jina, moyo inaruka."

Kwake, wenye jina hilo ni Mai-Mai, vikundi vya silaha vya Kivu. Imani ile ile ya maji yanayozuia risasi, iliyokuwa ya Kinjikitile kule Ngarambe, yeye aliiona ikipita mlangoni kwao usiku. Alikimbia. Amefika Ujerumani, na jirani yake anamwambia kwa fahari, tazama, mtaa wenu.

Sikuwa na jibu. Nilianza kueleza vita vya 1905, akanikatiza kwamba 1905 anaijua.

Na ana hoja nyingine nzito zaidi. Alikuwa ametafuta nyumba kwa muda mrefu. Akiandika barua pepe kwa jina lake, kimya. Mpenzi wake Mjerumani akiandika kwa nyumba ile ile, anaitwa kuiona kesho yake. Kila Mweusi wa Berlin ana hadithi hii au ana binamu mwenye nayo. Afrozensus, utafiti mkubwa wa kwanza kuhusu maisha ya watu Weusi Ujerumani, uliotolewa mwaka 2021, ulijaa mambo ya aina hiyo. Zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu walisema hata nywele zao zimewahi kushikwa na watu bila idhini. Hakuna kibao kinachozuia mkono huo. "Wanibadilishie kwanza moyo wa mwenye nyumba," kaka alisema, "mtaa nitauita wanavyotaka."

Wapo watakaojibu kwamba mambo haya yanakwenda pamoja. Labda. Mimi nimeona manispaa zikizindua vibao kwa ngoma na vitafunio, kisha kikundi cha vijana kilichopiga ngoma kinanyimwa chumba cha mazoezi mwaka unaofuata kwa sababu ya bajeti. Kibao ni rahisi kuliko chumba. Anayepokea kibao akakaa kimya amesharudi kwenye kochi la mgeni.

Anwani ya Wissmann

Jina ninalolipenda zaidi katika jiji hili ni la Moshi. Lucy-Lameck-Straße, wilaya ya Neukölln.

Hadi Aprili 2021 mtaa ule ulikuwa wa Hermann von Wissmann, aliyeizima vita ya Abushiri pwani yetu na baadaye akawa gavana. Sanamu yake ilisimamishwa Dar es Salaam, Waingereza wakaiondoa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa, wakaiangusha tena 1968. Mtaa wa Neukölln uliendelea. Na kwa miaka mingi, ukumbi mashuhuri wa tamaduni za wahamiaji Berlin, mahali ambapo watu wa mataifa yote walikwenda kucheza ngoma, kusoma mashairi na kupanga maandamano, ulikuwa Wissmannstraße namba 32. Ukimwalika mtu kwenye tamasha la Kiafrika, unamwandikia Wissmann kwenye kadi.

Tulikuwa tukicheza hapo. Vizuri tu.

Kinachonipendeza kwa Lucy Lameck ni kwamba hakunyongwa. Alizaliwa mwaka 1934, akasoma uuguzi, akaingia TANU, akawa mwanamke wa kwanza kushika nafasi ya waziri mdogo nchini, akahangaikia vyama vya ushirika na maendeleo ya jamii. Mitaa mingi inayotukumbuka hapa inatukumbuka tukiwa na kamba shingoni. Heshima hiyo inastahili, sibishi. Lakini mtoto Mweusi anayekulia Neukölln anahitaji pia mtaa wa mtu aliyekwenda ofisini asubuhi, akabishana kuhusu bajeti, akarudi nyumbani. Kaka wa Bukavu alipenda hilo. Ndilo jina pekee ambalo hatukugombana.

Huko kwa Mzee Mboro, kazi haijaisha. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha baadhi ya marehemu waliohifadhiwa humo na familia zilizo hai Tanzania, akiwamo mshauri wa Mangi Meli. Mwaka huo huo, Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba msamaha. Kichwa cha Meli mwenyewe bado hakijatambuliwa.

Nilimpigia mama mdogo nikamsimulia haya yote. Alisikiliza, kisha akauliza bei ya nyanya.

Juzi kaka alinipigia. Anataka kujua waliopigania mitaa waliandika barua kwa nani hasa kwenye ofisi za wilaya, na ziliandikwaje. Jina la mtaa hataki. Anataka chumba, Jumamosi, saa mbili tu, watoto wa Wakongo, Warundi, Watanzania na Wakenya wasome Kiswahili, kwa sababu wanaelewa wanapokaripiwa na hawawezi kujibu. Tumekaa mezani kwangu tukaandika. Mimi nilianza na aya nzima ya kuishukuru wilaya kwa ukarimu wake.

Ameifuta. Tumebishana hadi chai ikapoa, nikitetea angalau sentensi moja, yeye akisema kodi analipa na chumba kipo kitupu, ameshakiona. Barua imekwenda bila aya hiyo, ina majina ya wazazi 23, na hapo chini kuna namba ya simu ya kaka ili wasiseme hawakujua wampigie nani.